'Watoto wanapokea ushauri nasaha': Kisha hufuata nini?

KATIKA chumba cha habari kuna sentensi moja ambayo imepita mikononi mwangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Huja mwishoni mwa taarifa ya mkasa. Moto umeteketeza bweni, mafuriko yamesomba kijiji, mume amemkatakata mkewe kwa panga mbele ya wanao. Baada ya idadi ya waliofariki na kauli ya kamanda wa polisi, mwandishi humalizia hivi: "Watoto walionusurika wanapokea ushauri nasaha."

Nafasi inapokosekana ukurasani, hiyo ndiyo sentensi ya kwanza kukatwa. Nimeikata mwenyewe, tena bila kusita, kwa sababu haikuwa na habari ndani yake. Haimwambii msomaji ni nani anayetoa ushauri huo, wapi, kwa muda gani, na mtoto anayeishi kilomita 40 kutoka mjini ataupataje wiki ijayo wanahabari watakapokuwa wameondoka.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba mara nyingi mwandishi mwenyewe hajui, na aliyemweleza pia hajui. Wote wawili wanaamini kwamba mahali fulani yupo mtu fulani anayeshughulika.

Huduma zipo humu nchini, japo si nyingi wala hazijasambaa ipasavyo. Tatizo kubwa ni lile pengo lililoko kati ya mtoto na huduma. Makala haya yanaeleza jinsi pengo hilo linavyozibwa, na mahali ambapo kamba hukatika.

Kwanza, tusidhani kwamba tunazungumzia watoto wachache. Utafiti wa kitaifa kuhusu dhuluma dhidi ya watoto uliofanywa 2019 ulionyesha kuwa miongoni mwa vijana wenye umri wa miaka 18 hadi 24, asilimia 45.9 ya wasichana na asilimia 56.1 ya wavulana walikuwa wamepitia angalau aina moja ya dhuluma, iwe ya kimwili, ya kingono au ya kihisia, kabla ya kutimiza miaka 18. Ni kweli kwamba hali imeimarika kwa kiasi fulani. Katika utafiti kama huo wa 2010, asilimia 32 ya wasichana na asilimia 18 ya wavulana walisema walidhulumiwa kingono utotoni. Kufikia 2019 viwango hivyo vilikuwa vimeshuka hadi asilimia 15.6 na 6.4. Hata hivyo, asilimia sita ya wavulana wa taifa zima ni halaiki ya watoto.

Hapo hatujataja mikasa inayowakumba watu wengi kwa pamoja. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwatimua mamia ya maelfu kutoka makwao, na miongoni mwao walikuwemo watoto waliotazama nyumba zao zikiteketea. Usiku wa Septemba 5, 2024 moto uliwaua wavulana 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri. Bweni hilo lilikuwa na wavulana zaidi ya 150. Taifa liliomboleza wale 21, na ilistahili. Lakini fanya hesabu ya waliotoka wakiwa hai, kila mmoja akarudi kwao, kijiji chake, kwa wazazi wake, akiwa amebeba yale aliyoyaona na kuyasikia usiku huo.

Neno lenyewe

Kiswahili kimelichukua neno kiwewe kueleza hali hii. Wakati nilipokuwa mwanafunzi, kushikwa na kiwewe kulimaanisha kupigwa na butwaa, mtu akachanganyikiwa kwa hofu ya ghafla kisha akatulia. Siku hizi wataalamu wanalitumia kwa jeraha la moyoni linalobaki hata hofu yenyewe ikishapita. Sina ugomvi na matumizi hayo mapya, ila yanahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa wazazi wengi bado wanalielewa kwa maana ya zamani: kitu kinachokuja na kuondoka.

Binadamu ameumbwa na kengele ya hatari. Anapokabiliwa na jambo la kutisha, moyo humwenda mbio, misuli hukaza, macho humtoka, na mwili mzima hujiandaa kupigana au kutimua mbio. Hatari inapoondoka, kengele hunyamaza. Kwa mtoto aliyepatwa na kiwewe, kengele hiyo hukataa kunyamaza, ama hulia bila sababu inayoonekana. Harufu ya moshi wa jikoni humrudisha bwenini. Mlango ukibamizwa na upepo, anaingia chini ya meza. Akili iliyo katika hali hiyo haina nafasi ya kujifunza hesabu za kugawanya.

Ikumbukwe kwamba si kila mtoto aliyeshuhudia mkasa anakuwa mgonjwa. Wengi hupata nafuu kadiri wiki zinavyosonga, mradi wawe mahali salama, karibu na watu wanaowapenda, wakila, wakicheza na kurejea shuleni. Wanaohitaji zaidi ya hayo ni wale ambao dalili zao zinadumu zaidi ya mwezi mmoja, au zinazidi kuwa mbaya, au wale ambao dhuluma yenyewe haijakoma.

Dalili zenyewe hubadilika kulingana na umri, na hapa ndipo wengi wetu hukosea. Mtoto mdogo hawezi kusema kwamba ana huzuni. Atamng'ang'ania mama hadi msalani, ataanza tena kukojoa kitandani ilhali alishaacha, atapoteza maneno aliyokuwa ameyajua, au atacheza mchezo mmoja tu kila siku, ule wa nyumba kuungua. Mwanafunzi wa shule ya msingi atalalamika kuumwa na tumbo au kichwa. Atapelekwa zahanati, apimwe malaria, ikose, arudishwe nyumbani na dawa za maumivu, kisha wiki inayofuata alalamike tena. Kijana wa shule ya upili huenda akawa mkali, akakosa kulala, akaanza bangi au pombe, akatoroka nyumbani, au akajidhuru.

Sasa tazama jinsi jamii inavyoyajibu hayo. Anayekojoa kitandani huchapwa, au hulazimishwa kubeba godoro lake nje majirani wakiona. Asiyemakinika darasani huitwa mzembe. Mwenye ndoto za kutisha husemwa ana mapepo. Na yule aliyenyamaza kabisa, asiyemsumbua mtu, husifiwa kwa kuwa na adabu. Huyo wa mwisho ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi. Mzazi anapofariki, hasa kwa namna ya kuogofya, watu wazima humwambia mtoto kuwa baba amesafiri. Matanga yanakaliwa, watu wanalia, jeneza linaletwa, na mtoto anapelekwa kwa jirani asione. Nia ni njema. Lakini mtoto huyo atasubiri. Ataketi langoni jioni, na siku atakapoambiwa ukweli na watoto wenzake shuleni, atakuwa amepoteza mambo mawili: mzazi, na imani yake kwa waliobaki. Wataalamu wanashauri aambiwe ukweli kwa maneno mafupi yanayolingana na umri wake, na aruhusiwe kushiriki maombolezo akitaka, akiwa na mtu mzima wa kumshika mkono.

Safari ya mvulana mmoja

Ili tuelewe jinsi huduma inavyotafutwa, tuchukue mfano wa kubuni. Mvulana wa miaka minane, mwanafunzi wa gredi ya tatu, alimwona babake akimjeruhi mamake kwa panga. Mama amelazwa hospitalini, baba yuko rumande. Mvulana anaishi na nyanyake. Wiki ya tatu, mwalimu anagundua kuwa analala darasani na anawapiga wenzake wakimgusa kutoka nyuma. Nyanya anaitwa. "Mwalimu, huyu mtoto usiku analia kama anayekabwa," anasema. "Nimeombewa nyumba, lakini bado."

Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na washirika wake 2011 unataja mambo matatu anayopaswa kufanya mtu yeyote, hata asiye mtaalamu: tazama, sikiliza, unganisha.

Mwalimu ameshatazama. Kusikiliza kuna masharti. Hamhoji mtoto kama mpelelezi, hamlazimishi asimulie alichokiona, wala hamwambii "wewe ni mwanamume, jikaze". Humtafutia mahali patulivu, akaketi naye wala si juu yake, na akiamua kusema, humsikiliza hadi mwisho. Maneno ya kumjibu si mengi: "Nimekusikia. Si kosa lako. Nitatafuta watu wa kutusaidia." Hamwahidi kuwa itabaki siri yao wawili, kwa kuwa hataweza kuitimiza ahadi hiyo.

Jambo la tatu, kuunganisha, ndilo lililo gumu.

Mlango wa kwanza wa serikali ni afisa wa watoto, ambaye ofisi yake huwa katika makao makuu ya kaunti ndogo. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inampa mtu yeyote mwenye sababu ya kuamini kuwa mtoto anahitaji matunzo na ulinzi nafasi ya kupeleka taarifa. Si lazima uwe mzazi wala jamaa. Aidha, mtoto si lazima awe amepigwa yeye mwenyewe. Tangu sheria ya 2001, mtoto anayeishi katikati ya vita vya nyumbani alihesabiwa miongoni mwa wanaohitaji ulinzi, na sheria ya 2022 inakataza waziwazi dhuluma ya kisaikolojia dhidi ya mtoto.

Lakini makao makuu ya kaunti ndogo yako mbali. Kwa sababu hiyo Idara ya Huduma za Watoto hutegemea watu wa kujitolea vijijini ambao kazi yao ni kuwatambua watoto walio hatarini na kumwarifu afisa. Chifu na naibu wake huwafahamu, kwa hivyo asiyemjua wa kijiji chake anaweza kuulizia hapo. Kadhalika, wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliozinduliwa rasmi Septemba 2023, hutembelea nyumba kwa nyumba. Wanaingia hadi sebuleni, wanapima shinikizo la damu, wanauliza kuhusu chanjo. Hakuna mtumishi mwingine wa umma anayeuona ukuta wa ndani wa nyumba nyingi hivyo. Naona ni kosa kwamba tunawafikiria kuwa watu wa homa na uja uzito pekee.

Afisa wa watoto anapopokea taarifa, hufungua faili na kuanza na swali la usalama: mtoto analala wapi usiku wa leo, na ni nani anayeweza kumfikia? Kwa mvulana wetu, nyanya yuko na mtoto anamwamini. Hilo ni jambo kubwa. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya matunzo ya watoto wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwaondoa watoto katika makao ya mayatima na kuwarudisha kwa jamaa na familia, na sheria ya 2022 imeutambua pia mfumo wa kafala unaofuatwa na Waislamu. Kumng'oa mtoto kwa nyanyake na kumpeleka katika makao kwa sababu tu nyanya ni maskini ni kumwongezea jeraha juu ya jeraha. Nyanya ndiye anayepaswa kusaidiwa, ikiwa ni chakula, karo au blanketi.

Kisha afisa huandika barua ya rufaa kwenda hospitali ya kaunti, aonwe na mshauri nasaha au daktari wa akili.

Na barua haina miguu. Hapa ndipo kamba hukatika. Nyanya anaipokea, anaikunja, anaifunga kwenye pindo la leso. Nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili ni pesa za chakula cha siku mbili au tatu. Hajui aulizie nani akifika. Mara ya mwisho alipokwenda hospitalini alizungushwa dirisha hadi dirisha. Shamba linahitaji palizi. Wiki moja inapita, kisha mwezi. Ofisini, faili inaonyesha kuwa mtoto ameelekezwa kwenye huduma. Kijijini, mtoto bado analia usiku.

Kuelekeza si kuunganisha. Kuunganisha ni pale mtu mwenye jina, awe yule wa kujitolea, mhamasishaji wa afya au mwalimu, anapopiga simu hospitalini mapema na kuuliza mshauri yuko siku gani, anapofuatana na nyanya mara ya kwanza, anapomtambulisha kwa mhudumu, na anaporudi baada ya wiki mbili kuuliza kama walikwenda tena. Kazi hiyo haihitaji shahada. Inahitaji nauli, muda wa maongezi ya simu, na mtu wa kuulizwa isipofanywa. Serikali za kaunti zinazotenga pesa za warsha katika hoteli za kifahari zingeweza kuanza na nauli hizo. Sisemi zaidi.

Saa 72

Kuna hali ambayo haingoji wiki wala mwezi. Mtoto akinajisiwa, hospitali ndiyo ya kwanza, na saa zinahesabiwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya HIV hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu zake. Mtoto asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo alizovaa zisifuliwe, na zitiwe katika mfuko wa karatasi au bahasha ya kaki, kwa sababu plastiki huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi.

Wazazi wengi huamini kwamba ni lazima wapitie kituo cha polisi kwanza ndipo watibiwe. Si kweli. Matibabu hutangulia, na waathiriwa wa dhuluma za kingono wanastahili kuyapata bila malipo katika hospitali za umma. Daktari hujaza fomu ya PRC, kisha fomu ya P3 hutumika kwa upande wa polisi. Vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, ambako taarifa inapaswa kuchukuliwa faraghani, wala si pale kaunta mbele ya watu waliokuja kuripoti kupotelewa na kitambulisho.

Nao wazee hufika. Wanakuja jioni, wanaketi chini ya mwembe, wanazungumza kuhusu aibu na ujirani. Mbuzi watatu wanatajwa, au pesa. Kaskazini mashariki mwa nchi utaratibu huu unaitwa maslaha, na kwingineko hauna jina ila unafanyika vivyo hivyo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haimpi mzazi wala mzee wa kijiji uwezo wa kuifuta kesi ya aina hii. Uamuzi wa kuisitisha ni wa kiongozi wa mashtaka ya umma. Lakini tuseme sheria tumeiweka kando. Mtoto anayekutana kisimani na mtu aliyemnajisi, kila asubuhi, huku akijua kuwa mbuzi waliotolewa kwa ajili yake ndio wanaolia uani kwao, atapona vipi? Hakuna ushauri nasaha unaoweza kuizima kengele ya hatari wakati hatari yenyewe inapita njiani.

Walimu pia wana wajibu wao. Waraka wa Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) wa 2010 unamtaka mwalimu anayepata habari za mwanafunzi kudhulumiwa kingono aripoti ndani ya saa 24. Kunyamaza ili kulinda jina la shule ni kosa la kinidhamu.

Waliyoyafanya Bungoma

Watu huniambia kwamba haya yote ni ndoto, kwa kuwa taifa hili lina madaktari wachache wa akili na wengi wao wako Nairobi. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inasahau kitu kilichofanyika magharibi mwa nchi.

Katika Kaunti ya Bungoma, na pia Moshi nchini Tanzania, watafiti kutoka Marekani wakishirikiana na wenzao wa hapa Afrika Mashariki waliwachukua watoto 640 wa umri wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na waliokuwa na dalili za kiwewe. Nusu yao walipewa tiba ya mazungumzo kwa vikundi, mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Nusu nyingine walipata huduma za kawaida. Mpango huo uliitwa Pamoja Tunaweza.

Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida wa maeneo hayo, wasiokuwa na ujuzi wowote wa awali wa afya ya akili, waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Watoto walijifunza kwamba hofu na huzuni baada ya msiba si wazimu. Walifunzwa kuvuta pumzi na kutuliza mwili. Walifunzwa kuzitaja hisia zao kwa jina, na kutambua jinsi wazo moja, mathalani "baba alikufa kwa sababu nilimkosea", linavyozaa huzuni na ukali. Baada ya hapo kila mtoto, akiwa peke yake na mshauri wake, alisimulia kidogokidogo kile kilichomtisha zaidi, hadi akaweza kukisema bila kutetemeka. Walezi nao walikutana katika kikundi chao, kwa maana mtoto hurudi kwa mlezi, si kwa mshauri.

Matokeo yalichapishwa 2020. Hapa Kenya, mjini na mashambani, watoto waliopata tiba walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao, na tofauti hiyo ilikuwa bado ikionekana mwaka mmoja baadaye. Hayakuwa mafanikio kila mahali. Kule Moshi makundi yote mawili yalipata nafuu, na mwaka mmoja baadaye tofauti kati yao haikuonekana. Hilo linatufunza kutopokea kila kitu kama muujiza. Baadaye kazi hiyo hiyo ya Bungoma ilikabidhiwa walimu na wahudumu wa afya ya jamii, ili ijulikane kama inaweza kuendeshwa na watu ambao tayari wako shuleni na vijijini.

Kuna funzo moja hapo ambalo lingeibadilisha ile sentensi yangu ya ukurasani. Tiba ilidumu wiki 12. Kinachofanyika mara nyingi baada ya mkasa ni kwamba washauri hufika na mabasi, hukusanya wanafunzi ukumbini, huwataka wasimulie walichokiona siku hiyo hiyo, kisha huondoka. Mwongozo wa WHO wa 2013 haupendekezi kikao cha aina hiyo cha mara moja kwa watu waliotoka kupatwa na mkasa, wala haupendekezi watoto wapewe dawa za usingizi au za kutuliza katika mwezi wa kwanza kwa ajili ya mfadhaiko huo. Siku za mwanzo mtoto anahitaji usalama, blanketi, chai na mamake. Washauri wanahitajika zaidi mwezi wa pili na wa tatu, wakati ambapo hakuna tena kamera langoni.

Nasi wa magazeti tuna deni. Miaka mingi iliyopita nilipitisha taarifa kuhusu msichana aliyenajisiwa. Jina lake tulilificha kama inavyotakiwa. Lakini tulitaja kijiji, shule, darasa, na kazi ya babake. Simu iliyokuja asubuhi yake ilikuwa ya mwalimu mkuu, akisema msichana amekataa kutoka nyumbani na kwamba hatarudi katika shule hiyo. Hakupaza sauti. Aliuliza tu kama kuna mtu aliyeisoma taarifa ile kabla haijachapishwa. Nilikuwa nimeisoma mara mbili, nikisahihisha vituo na herufi kubwa.

Anayetaka kuanzia mahali leo anaweza kupiga 116, nambari ya kitaifa ya kuwasaidia watoto. Haitozwi malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Nambari 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, nayo ni ya bure, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu kupitia 1199. Unapopiga, eleza mtoto ana umri gani, yuko wapi kwa sasa, ni nani aliye naye, na kama aliyemdhuru anaweza kumfikia. Andika jina la aliyekupokea pamoja na tarehe. Ukikosa kusikia lolote baada ya siku mbili, piga tena.